Nitautambuaje mtindo wangu wa kufanya biashara? Jibu kwa mfanyabiashara wa dagaa, Kigoma

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nina umri wa miaka 34, ninaishi Mwanga, Kigoma. Ninanunua dagaa wabichi mwaloni Kibirizi, ninawaanika, ninawachambua na kuwatuma Dar es Salaam kwa basi. Msimu wa mawese ukifika ninauza na mawese kidogo. Katika mafunzo ya ujasiriamali tuliambiwa kwamba mjasiriamali ni mtu wa kuthubutu na kujitangaza, na kwamba kila mmoja atafute mtindo wake. Jirani yangu tuliyeanza naye amekopa, anajirekodi video kila siku na sasa ana duka la pili. Mimi si msemaji, sijawahi kukopa, na wateja wangu ni wale wale. Nilijaza maswali fulani kwenye simu nikaambiwa kuwa mimi ni mtu mwenye ndoto kubwa ambaye wakati mwingine hujitilia shaka. Mume wangu anasema biashara yangu haina mtindo wowote. Nitautambuaje mtindo wangu, na je, nibadilike? Pia nichukue mkopo wa halmashauri?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Barua yako ilikuwa ndefu kuliko ilivyochapishwa hapo juu, na nitavirudia baadhi ya vipande vilivyokatwa, kwa sababu jibu unalolitafuta limo katika yale uliyoyasimulia kwa kupita kuliko katika swali lenyewe.

Nianze na huo uthubutu, maana umewasumbua wengi waliotoka katika mafunzo ya namna hiyo wakiamini kwamba asiyejitosa si mjasiriamali. Mwanasaikolojia wa Marekani David McClelland, ambaye utafiti wake kuhusu hamu ya mafanikio ulichapishwa mwaka 1961, alieleza zoezi moja jepesi: watu walipewa pete za kurusha ili zitue kwenye kigingi, kila mmoja akiachiwa achague mwenyewe asimame umbali gani. Waliokuwa na hamu kubwa ya kufanikiwa hawakusimama mbali ambako bahati ndiyo ingeamua, wala hawakusogea karibu kiasi kwamba hata mtoto angepata. Walichagua umbali wa kati, ambako ustadi wao ndio uliokuwa na kauli. Mtu anayepima kabla ya kuweka fedha yake, kwa hiyo, hajakosa sifa ya ujasiriamali, na aliyewafundisha kinyume cha hayo amewachanganya mjasiriamali na mcheza kamari.

Hilo la kujitangaza nalo tuliangalie kwa mifano tunayoifahamu sote. Marehemu Reginald Mengi alikuwa mhasibu kwa taaluma, akaanza na kuunganisha kalamu za wino, akamiliki vyombo vya habari, akawa mtu wa majukwaa na hotuba hadi alipofariki mwaka 2019. Said Salim Bakhresa alianza na mgahawa mdogo Dar es Salaam katika miaka ya 1970, na bidhaa zake leo zimo katika karibu kila duka la mtaani, lakini Watanzania walio wengi hawajawahi kuisikia sauti yake. Ukimwambia Bakhresa aishi kama Mengi, au Mengi anyamaze kama Bakhresa, utakuwa umewaharibia wote wawili. Jirani yako naye ana njia yake, na kwa ulivyonieleza inamfaa, kwa kuwa anauza migebuka wabichi ambao wasipoondoka leo wanaharibika. Bidhaa ya namna hiyo inataka kelele na inataka mteja mpya kila siku. Dagaa wakavu waliochambuliwa vizuri wana mwendo mwingine kabisa.

Kuhusu yale maswali ya kwenye simu, usiyape uzito. Mwaka 1948 Bertram Forer, mwanasaikolojia mwingine wa Marekani, aliwapa wanafunzi wake 39 kile walichodhani ni tathmini ya haiba ya kila mmoja, akawaomba waipe alama kati ya 0 na 5 kulingana na ilivyowagusa. Wastani ukawa zaidi ya 4, ingawa wote walikuwa wamepewa maneno yale yale. Mojawapo ya kauli alizozitumia ilisema kwamba wakati mwingine mtu huwa na shaka kubwa kama ameamua sawasawa. Nani asiyejitilia shaka mara moja moja? Kauli inayomfaa kila mtu haiwezi kukuonyesha wewe unatofautiana vipi na jirani yako.

Sasa tuingie katika barua yenyewe. Mtindo wa mfanyabiashara, kwa jinsi ninavyouelewa baada ya kufanya kazi na wafanyabiashara wadogo wa mikoa hii ya magharibi, ni ile namna anayoirudia katika kuamua juu ya fedha, muda na watu pale ambapo hakuna anayemsimamia. Mtu hakai chini akauchagua kama kitenge dukani. Tayari ameshauishi, na kazi iliyobaki ni kuusoma kutokana na matendo yake. Wewe umeyaandika matendo hayo bila kujua, hasa pale ulipoeleza asubuhi yako ya Kibirizi.

Umesema kwamba boti za kwanza zinapofika alfajiri, wachuuzi huzikimbilia, bei hupanda papo hapo, na wewe husogea pembeni ukasubiri. Hununui mpaka ziingie boti mbili au tatu na bei itulie. Halafu humwamini mwenye beseni kwa maneno yake: unaingiza mkono hadi chini, unatoa dagaa wa chini unawalinganisha na wa juu, unatazama kama tumbo limeanza kupasuka na kama kuna lumbu wengi (aina nyingine ya samaki wadogo) waliochanganywa, unanusa, ndipo unataja bei yako. Isipokubaliwa, unahamia beseni jingine bila ugomvi. Ukifika nyumbani unaanika juu ya chanja, si mchangani, ingawa chanja linakugharimu na mchangani hakuna gharama. Na wakati wa kuchambua unaondoa vichwa vilivyokatika na vipande, unaviuza kando kwa wafuga kuku kwa bei ya chini.

Yeyote anayeijua kazi hii akiyasoma maelezo hayo hawezi kusema kwamba biashara yako haina mtindo. Anayekimbilia boti ya kwanza anauza uwahi: mzigo wake unafika sokoni kabla ya wengine, na faida yake ipo katika saa hizo chache. Wewe unauza uteuzi, kwa maana kwamba mteja wako anakulipa ili asikute mchanga mdomoni. Njia zote mbili ni halali na zote zinalipa, ila haziwezi kuendeshwa na mtu yule yule asubuhi ile ile. Siku utakayokimbilia boti ya kwanza kwa kumwiga jirani, utanunua ghali mzigo ambao hukupata nafasi ya kuuchungulia, na utakuwa umepoteza kile ambacho Dar es Salaam wanakijua kwako.

Kuna sentensi moja uliyoipitia haraka mno. Uliandika: "Wateja wangu wa Dar wengine hutuma hela kwanza, mzigo nawatumia baadaye." Kisha mistari michache mbele ukasema hujawahi kukopa. Mdogo wangu, hao wateja wanakukopesha. Mtu aliye mbali na wewe zaidi ya kilomita elfu moja anakutumia fedha kwa simu kununulia mzigo ambao hajauona, bila riba, bila dhamana na bila fomu. Na wewe unaitumia kama mtaji kwa wiki nzima. Jirani yako amepata mtaji wake kwa taasisi ya mikopo, wewe umeupata kwa watu wanaokuamini, na wa kwako ni wa bei nafuu zaidi. Hapo ndipo ningeweka kidole kama ningetakiwa kuutaja mtindo wako kwa ufupi: unajenga biashara kwa uaminifu wa bidhaa, na uaminifu huo ndio unaokuletea fedha. Wateja kuwa wale wale, jambo unalolilalamikia, ndiyo sura yake ya nje.

Hata hivyo nisikupambe kupita kiasi, kwa kuwa yapo mambo ambayo watu huyaita mtindo na kumbe ni woga. Kutokukopa kwako kunaweza kuwa busara, na kunaweza kuwa hofu iliyovaa nguo za busara. Wewe mwenyewe ndiye utakayejua, na njia ya kujua ni kuangalia kama uliwahi kupiga hesabu. Saras Sarasvathy, mtafiti aliyewachunguza kwa karibu wajasiriamali wazoefu 27 kwa kuwataka wafikiri kwa sauti wakati wakitatua tatizo la biashara, aligundua kwamba wengi wao hawakuanza kwa kukadiria faida kubwa kiasi gani ingepatikana. Walianza na walivyonavyo mkononi, yaani wao ni nani, wanajua nini na wanamjua nani, kisha wakajiuliza ni hasara ya kiasi gani wangeweza kuimudu mambo yakienda kombo.

Jaribu kujiuliza hivyo kuhusu mkopo. Tuchukue mfano wa shilingi 3,000,000 kwa miezi 12, kwa riba ya asilimia 2 kila mwezi inayohesabiwa juu ya kiasi chote cha awali. Riba itakuwa shilingi 720,000, na rejesho la kila mwezi shilingi 310,000. Sasa kumbuka mwaka 2024, uvuvi katika Ziwa Tanganyika ulipositishwa kuanzia tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti ili samaki wazaliane. Mkopaji wa dagaa mwenye rejesho kama hilo alitakiwa kutafuta shilingi 930,000 katika miezi ambayo mwaloni hapakuwa na cha kununua. Ikiwa ulikataa mkopo baada ya kufikiria jambo la namna hiyo, basi huo ni mtindo, na ni mtindo mzuri. Ikiwa ulikataa kwa sababu tu ulisikia mtu kanyang'anywa kochi, hujaamua lolote bado, umekimbia.

Na hapa nina swali kwako, maana hukulieleza: ulifanya nini ziwa lilipofungwa? Wapo walioweka akiba ya dagaa wakavu mapema wakauza bei ilipopanda, wapo waliohamia mawese moja kwa moja, wapo waliokwenda Kasulu kununua maharage, na wapo waliokaa nyumbani. Kipindi cha namna hiyo humfunua mfanyabiashara kuliko mwaka mzima wa kawaida, kwa sababu mazoea hayapo na kila mtu anarudi kwenye tabia yake ya ndani. Liandike jibu hilo kabla ya mengine yote.

Nikishasema kuandika, nieleze namna. Peter Drucker, mwandishi mashuhuri wa masuala ya uongozi wa kampuni, alishauri kwamba kila mara mtu anapofanya uamuzi mzito aandike anachotarajia kitokee, kisha baada ya miezi 9 hadi 12 alinganishe na kilichotokea. Kwa biashara ya dagaa muda huo ni mrefu mno, na kwa bahati ziwa lenyewe limekupa kalenda. Wavuvi hutoka usiku wa giza, taa zinapovuta dagaa, na hupumzika mbalamwezi inapokuwa kali. Basi kila giza moja lipe ukurasa wake katika daftari. Juu ya ukurasa andika maamuzi mawili au matatu makubwa na ulichotarajia: nimenunua zaidi kwa kuwa nadhani bei itapanda, nimempa mteja mpya mzigo kwa mali kauli nikitarajia alipe ndani ya wiki mbili, nimeongeza bei ya pakiti. Mbalamwezi ikifika, kaa na daftari ukaandike kilichotokea chini yake, kwa wino wa rangi nyingine ukiweza. Usiandike jinsi ulivyojisikia, andika fedha, tarehe na mtu aliyehusika.

Ukifanya hivyo kwa kurasa tano au sita, utaanza kuona marudio. Labda utagundua kwamba makadirio yako ya ubora hayakosei, ilhali makadirio yako ya watu wa mali kauli hukosea kila mara. Au kwamba kila ulipoamua jioni ukiwa umechoka ulijuta. Marudio ya upande unaopatia yakuze. Ya upande unaokosea usihangaike kuyageuza yote kuwa nguvu, maana maisha hayatoshi. Yawekee uzio, kwa mfano kwamba mteja mpya hapewi mzigo kwa mali kauli hata akija na nani.

Suala la video sasa. Sioni sababu ya wewe kusimama mbele ya simu ukipiga kelele kama jambo hilo linakukera, kwa sababu mtazamaji huona mara moja kwamba unajilazimisha. Lakini kutokuwa msemaji hakukupi ruhusa ya kutojulikana. Wateja wako tayari wako kwenye simu yako: wapigie picha dagaa wakiwa kwenye chanja mchana wenye jua, uwatumie pamoja na bei na siku basi litakapoondoka, kisha mwombe kila aliyeridhika akuunganishe na mtu mmoja. Weka karatasi ndani ya kila pakiti yenye jina la biashara, namba ya simu na siku waliyoanikwa. Hiyo tarehe itafanya kazi ambayo mdomo wako hautaki kuifanya. Ukiona inafaa, zungumza na huyo jirani pia. Ana watazamaji, wewe una mzigo safi, na anaweza kukuuzia kwa asilimia mtakayokubaliana, ila makubaliano yaandikwe hata kama mmekuwa mkiazimana chumvi miaka yote.

Nikuonye pia usije ukaweka kila kitu katika kapu la mtindo. Kutenganisha fedha ya biashara na ya nyumbani, kuandika mauzo ya kila siku, kusajili jina BRELA (wakala wa usajili wa biashara), kulipa kodi, kupata alama ya TBS (shirika la viwango) kama unataka pakiti zako ziingie kwenye maduka makubwa, hayo hayategemei kama wewe ni mpole au mchangamfu. Ofisi ya mkoa ya SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, ipo hapo hapo Kigoma, na ni mahali pazuri pa kuanzia kuuliza kuhusu vifungashio na utaratibu wa viwango.

Kwa shemeji, sikushauri ubishane. Anaona jirani ana duka la pili na wewe huna hata la kwanza, na kwa macho ya mtu asiyeshika daftari lako hoja yake ina mantiki. Mwonyeshe hesabu ya miezi sita: mzigo ulionunuliwa, uliouzwa, fedha zilizotangulizwa na wateja, na kilichobaki. Akiuliza maswali magumu, yajibu. Na yakikushinda, ujue ameshakusaidia.

Kama nibadilike, umeuliza. Mahali ambapo itakulazimu ni pamoja na hapa: leo ubora wote wa biashara yako umo katika mkono wako unaoingia chini ya beseni, na mkono huo ni mmoja. Uliandika kwamba binti unayemlipa kuchambua "hawezi kama mimi". Sidhani kama amewahi kuelezwa. Kaa naye siku moja, uchambue kwa sauti, yaani useme kila unachokitazama na kwa nini umekitupa au umekiacha, naye aandike. Itapatikana orodha ya mambo labda saba au nane: rangi, tumbo, ukavu wakati wa kuvunja, mchanga, harufu na kadhalika. Kisha mpe beseni moja achambue peke yake, ulikague, mrekebishane, hadi mteja wa Dar es Salaam asiweze kutofautisha pakiti yake na yako. Bila hatua hiyo hutaweza kuongeza mzigo hata ukipewa mtaji wa bure, kwa kuwa utakachokiongeza kitakuwa ni dagaa wa kawaida wenye jina lako.

Hilo linanifikisha kwenye mkopo wa halmashauri. Fedha hizo ni asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambapo 4 ni za wanawake, 4 za vijana na 2 za watu wenye ulemavu, na hazina riba, jambo linalozifanya ziwe tofauti sana na ule mfano niliouhesabu hapo juu. Ila hutolewa kwa vikundi, na wewe kwa ulivyojieleza unapenda kukagua kila kitu mwenyewe. Kwa hiyo kabla ya kujiunga tazama historia yako ndani ya vikoba na michezo ya kijumbe: je, umewahi kukaa mzunguko mzima bila kugombana na wenzako kuhusu kazi iliyofanywa ovyo? Ukiwa umewahi, tafuta wanawake wengine wanaoanika juu ya chanja kama wewe, mkubaliane kwanza juu ya ile orodha ya kuchambulia, ndipo mwende kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata. Na muulizeni mapema rejesho la kwanza litaanza mwezi gani, ili lisiangukie katika miezi ambayo ziwa linaweza kufungwa. Ukiwa hujawahi, subiri kwanza binti aive, halafu mwakani uniandikie ukiwa na kurasa zako za giza.